Laana Ambayo Hakuna Aliyetaka Kuisema

Godlisten hajawahi kutoa habari kwa mkupuo mmoja tangu nimjue. Alinipigia Jumanne asubuhi nikiwa darasani na kidato cha tano, nikakata. Akapiga tena, nikakata. Mara ya tatu nikatoka nje na chaki mkononi, kwa sababu mtu wa umri wetu akipiga mara tatu asubuhi, ni msiba. Basi akaanza: habari za siku nyingi, watoto hawajambo, mvua huko Tengeru imewafikia, mimi kazi ya kata nilishastaafu, magoti ndiyo yananitesa. Nikamwambia, "Godlisten, nina wanafunzi arobaini wananisubiri. Sema." Akakohoa kwanza. "Fundi ametutoka," akasema. "Fundi Loserian. Jana jioni, nyumbani kwake hapa Olasiti." Na kabla sijapata hata ukuta wa kuegemea, akaongeza kwamba kamati ya mazishi imekaa, imeamua wasifu wa marehemu niuandike mimi kwa kuwa ndiye niliyesomea mambo hayo, usizidi ukurasa mmoja na nusu, na tafadhali niwahi. Yaani hata kulia alikuwa ameshanipangia muda. Nilirudi darasani nikafundisha hadi kengele, na sikumbuki nilifundisha nini.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayakuwa na la ajabu. Mwaka ninaotaka kuusema ni mwaka wangu wa tatu chuo, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na nikiufikiria bado naudhika. Naudhika na wao, naudhika na mimi, naudhika hata na kile chumba. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga kule Levolosi, mjini: vyerehani vitatu, kimoja kibovu siku zote, meza ya pasi ya mkaa, pazia la kitenge lililokata kona moja ambako wateja walijaribia nguo, na sare za shule zimening'inia kila mahali, ukisimama ghafla sketi ya mtoto wa watu inakuvaa kichwani. Kila Jumamosi saa tisa alasiri Fundi Loserian alizima redio, akarudisha ubao mmoja wa mlango, na duka likageuka makao ya kikundi chetu cha waandishi wa michezo ya kuigiza. Waandishi, nasema hivyo kwa heshima tu. Fundi mwenyewe aliishia darasa la saba, na michezo yake aliiandika kwa chaki ya kushonea nyuma ya makaratasi ya kukatia nguo, kwa hiyo ukitaka kuusoma ukurasa wa pili ilibidi kwanza uuunge na mkono wa shati. Mama Kimaro, aliyeuza ndizi na viazi pale soko la Kwa Mrombo, hakuandika hata mstari. Alisema yeye anaandika kwa mdomo. Godlisten, wakati huo karani wa ofisi ya kata, alijaza kurasa sita za maelezo ya jukwaa kabla mhusika wake wa kwanza hajapiga hodi. Mimi nilikuwa wa mwisho kujiunga na wa pekee niliyesoma tamthilia darasani, wakaniita Chuo. "Chuo, karibu uketi." "Chuo, shika hii pasi." Jina langu la ubatizo sidhani kama waliwahi kuliuliza.

Kikundi kilikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo nusura initoe roho. Kazi yako ikisomwa, unakaa kwenye kigoda kando ya meza ya pasi na hufungui mdomo mpaka neno la mwisho. Wasomaji, wao, wana ruhusa ya kubadilisha maneno yako kadiri yanavyowatoka. Fundi alisema nguo haishonwi kwa vipimo vya fundi, inashonwa kwa vipimo vya anayevaa. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma vitabu vizito na nilipenda sentensi zangu kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Nilimwandikia mama wa mchezoni, "Ewe mwanangu, ni shetani gani aliyekuingia hata ukaliuza shamba la marehemu baba yako?" Mama Kimaro alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akaitazama sentensi kama anayekagua kiazi kilichooza, akaiweka chini, akasema, "Wewe! Shamba liko wapi?" Chumba kizima kikacheka. Nikaruka, "Jamani, someni kama ilivyoandikwa!" Fundi hakuinua hata macho. Alielekeza mkasi upande wangu na kusema, "Chuo. Kigoda." Nikakaa. Mwaka mzima nilisema someni kama ilivyoandikwa, na mwaka mzima nilionyeshwa kigoda kwa mkasi.

Baada ya hapo tulikula, na hapo ndipo ilikuwa vigumu kuwachukia. Mama Kimaro alikuja na mtori wa ndizi na nyama ya mfupa kwenye hotpoti kubwa. Mke wa Fundi alileta loshoro, mahindi na maziwa mgando, kwenye kibuyu kilichonukia moshi. Tulikula kwa vikombe kwa sababu sahani hazikutosha, huku tukibishana kama mhusika fulani angekubali kuolewa na yule mlevi. Mama Kimaro alikuwa na jibu la kila kitu kutoka sokoni. "Namjua mwanamke wa hivyo, anauza nyanya meza ya tatu, na alikubali." Unabishana vipi na meza ya tatu? Nilitoka pale nimeshiba, nimekasirika, na kila mara nilikuwa nimechelewa kazi ya chuo.

Maana chuoni nako kulikuwa na yake. Kilikuwa upande wa mashariki, mlimani kidogo, bwenini tulilala wanne chumba kimoja, na asubuhi ukungu wa Meru uliingia dirishani hadi karatasi zikalegea. Msimamizi wangu tulimwita Dakta tu, mtu mfupi aliyevaa sweta mwaka mzima na hakuwahi kupandisha sauti. Tasnifu yangu aliikubali kwa sharti: niandike mchezo wangu mwenyewe, uigizwe mbele ya watu wa kawaida, yeye akiwepo, kisha niuchambue kwa nadharia. Ukikwama popote, unarudia mwaka. Na mimi sikuweza kurudia. Nilikuwa nimeshaahidiwa nafasi ya kufundisha kwenye shule ninayofundisha hadi leo, kwa ahadi kwamba nifike na matokeo mkononi kabla ya muhula wa Julai, na mkuu wa shule alishaniambia bila kuzunguka kwamba yupo mwingine anaisubiri nafasi hiyo hiyo. Kwa hiyo tangu Jumatatu hadi Ijumaa nilisoma, na Jumamosi nilishuka Levolosi kuomba watu watatu wakaidi wanisaidie kupata shahada. Insha nyingi niliziandikia dukani, juu ya meza ya kukatia. Moja Dakta alinirudishia ikiwa na uzi wa bluu umenasa kati ya kurasa, ameuzungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: "Hiki nacho ni nadharia ya nani?" Niliona aibu hadi masikio.

Mchezo wangu ulihusu mama na mwanawe. Mama amelazwa hospitali, mtoto anauza kihamba, shamba la ukoo lenye kaburi la baba yake, mama anarudi na kukuta mti umekatwa na ua umehamishwa. Sehemu ya pili anamlaani. Sehemu ya tatu mtoto anakauka taratibu mpaka mwisho. Mama Kimaro alikuwa mama, Fundi mtoto, Godlisten mnunuzi mwenye mkoba. Laana ndiyo ilikuwa mhimili wa kazi nzima, na kwa muda mrefu sikuipata. Niliandika laana kumi, zote zikinuka maktaba. Halafu Jumamosi moja nilifika mapema, nikaingia nyuma ya pazia kujaribu sketi yangu ambayo Fundi alikuwa ameipunguza kiuno. Mama Kimaro akaingia dukani bila kujua nipo. Fundi alikuwa anashona, wakawa wanaongea kwa sauti ya chini, na cherehani kilimeza kila kitu. Kisha kikasimama. Nikamsikia Fundi akisema, polepole sana, "'Mlango wangu usikujue. Na siku ya kunizika, mkono wako usiguse udongo.'" Mama Kimaro akavuta pumzi, akasema, "Yesu wangu." Na cherehani kikaendelea.

Ningekuwa mtu mwenye akili timamu ningejiuliza nani alimwambia nani. Fundi alikuwa mtu wa kusimulia visa vya wateja, nikachukulia ni kisa cha mteja. Nilitoa kalamu kule kule nyuma ya pazia, sketi ikiwa magotini, nikayaandika maneno yale kwenye kiganja kabla hayajanipotea. Sijawahi kufurahi vile. Usiku ule bwenini niliyanakili kwenye sehemu ya pili bila kubadilisha hata nukta, na asubuhi nilipoyasoma bado yalikuwa mazuri.

Jumamosi iliyofuata nilikaa kigodani bila kuambiwa. Mama Kimaro alifika kwenye laana, akaanza kufungua mdomo, akaufunga. Akavua miwani. Akakunja karatasi. "Hii sisemi," akasema.

Nikavunja kanuni. "Husemi vipi, Mama? Ndiyo mchezo wenyewe huo!"

"Sisemi. Laana ya mama haichezewi. Nina watoto mimi."

"Lakini si wewe unayesema. Anasema mhusika."

"Na mdomo ni wa mhusika?" akaniuliza. "Mdomo si huu hapa?"

Nikamgeukia Godlisten, nikidhani msomi wa kata atanisaidia. Godlisten akafikiri, akasema tunaweza kuandika kwenye maelezo ya jukwaa kwamba mama anaonekana akisema, ila wakati huo ngoma inapigwa sana mpaka asisikike. Nikasema nitapigwa mimi na Dakta. Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na alichukua muda mrefu mno kwa mtu mwenye macho yake. "Chuo," akasema mwishowe, "hayo maneno yabadilishe. Tafuta mengine." Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu, "Mengine yapi? Hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika." Aliinua kichwa akanitazama. Nilidhani amekasirika, lakini hakuwa amekasirika. "Ni kweli," akasema. "Ni mazuri." Akarudi kwenye sindano yake, na siku hiyo hatukula pamoja kwa sababu nilinyanyua begi langu na kuondoka.

Wiki sita, jamani. Wiki sita nilibishana na watu wale. Niliwaletea nadharia. Nilisimama mbele yao katikati ya sare za shule na kuwafafanulia kwamba neno jukwaani ni ishara tu, halina nguvu ya neno lenyewe, na kwamba hadhira inajua. Mama Kimaro alinisikiliza kwa adabu yote hadi mwisho, kisha akauliza kama nimekula. Kule bwenini, wakati huo huo, nilikuwa naandika sura ya pili ya tasnifu, kurasa kumi na mbili juu ya laana katika jamii za kuzunguka Meru na Kilimanjaro: laana ya mama, laana ya mjomba, jinsi Wachaga wanavyoomba msamaha kwa jani la isale, jinsi Waarusha wanavyoshika nyasi mkononi. Yote niliyapanga vizuri kwa vichwa vidogo vidogo. Nilijua kila kitu kuhusu laana isipokuwa kwa nini watu wangu watatu hawataki kuitamka. Mwishowe Mama Kimaro alilegea, au nilidhani amelegea. "Nitasema siku yenyewe," akasema. "Mara moja tu. Mazoezini usiniombe." Kwa hiyo mazoezi yote yaliyobaki alifika kwenye laana akafanya "mm-mm-mm" kama anayetafuna, na Fundi akaendelea kutoka hapo. Hebu fikiria unaomba shahada kwa mm-mm-mm.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Mei, alasiri, ukumbi wa usharika, mvua imekatika ndiyo kwanza na mabenchi yamejaa matope ya viatu vya watu. Wanakwaya walikuja, wateja wa Fundi walikuja, na wanawake wa soko la Kwa Mrombo wakashika benchi tatu za mbele na watoto mapajani. Dakta alikaa pembeni yao na sweta lake, muswada wangu magotini, kalamu tayari. Fundi alikuwa amenibebea kigoda kutoka dukani, akakiweka kando ya jukwaa. Nikakaa. Sehemu ya kwanza walibadilisha maneno karibu yote na watu walicheka pale nilipotaka wahuzunike. Nikavumilia. Nilikuwa nasubiri laana. Nilijua ikishatoka, ukumbi utakuwa wangu.

Sehemu ya pili. Mama amerudi kutoka hospitali, ameona mti umekatwa. Katika muswada wangu mtoto anasimama amefunga mikono kifuani kwa kiburi. Mama Kimaro akavuta pumzi, akainua mkono wa kulia, ukumbi ukanyamaza hata watoto. Na Fundi Loserian, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, akapiga magoti. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani la isale, refu, bichi, bado lina maji ya mvua, akalishika kwa mikono miwili akamnyooshea. Wanawake wa soko wakaguna wote kwa pamoja. Asiyejua aelewe: kwa Wachaga, aliyekukosea akikuletea isale huna ruhusa ya kukataa. Unasamehe, utake usitake. Mkono wa Mama Kimaro ulibaki juu, kisha ukashuka ukalipokea lile jani. Akamwekea Fundi kiganja kichwani. "Inuka, baba," akasema. "Twende nyumbani." Basi. Wakatoka jukwaani wameshikana mikono. Godlisten, aliyekuwa anangojea zamu yake ya sehemu ya tatu, akatokea na mkoba wake wa mnunuzi, akatazama jukwaa tupu, akatutazama sisi, akainama kidogo na kurudi alikotoka. Watu walikuwa wanalia na kucheka. Nami nilikuwa kigodani na sehemu nzima ya tatu mkononi, kurasa kumi na moja ambazo hazina tena pa kwenda, kwa sababu mtu aliyesamehewa hawezi kukauka.

Dakta alinifuata akifuta miwani kwa sweta. Alikuwa ametikisika, na sikuwahi kumwona hivyo. "Muswada ulionipa una laana hapa," akasema.

"Ndiyo, Dakta."

"Hili la jani umelibuni lini?"

Nikayaona kwa mara moja yote yaliyokuwa nyuma ya lile swali: mwaka wa kurudia, mkuu wa shule, yule mwingine anayesubiri nafasi. Ilinitosha kusema, sikulibuni mimi. Nikasema, "Wiki hii, Dakta." Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaandika kitu. Baadaye nilisoma alichoandika: uamuzi wa kijasiri wa mwandishi, kuisalimisha laana kwa msamaha. Nilipata alama ya juu kuliko wote darasani, na nafasi ya kazi nikaipata.

Ungedhani ningemshukuru Fundi. Nilimkuta nje ya ukumbi anakunja yale mavazi, nikamvamia mbele ya watu. Nilikasirika zaidi kwa sababu kilichosifiwa hakikuwa changu, na mtu wa pekee aliyejua hivyo alikuwa amesimama mbele yangu ameshika koti. Nikamwambia ameniharibia kazi ya mwaka mzima. Nikamwambia hajui tofauti ya mchezo na mzaha, kwamba mtu wa darasa la saba hawezi kuelewa nilichokuwa najaribu kufanya. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. "Nani alikutuma?" nikamuuliza. Alimaliza kukunja koti, akalilaza juu ya mengine. "Hakuna," akasema. "Ni mimi mwenyewe. Pole, Chuo." Pole! Nikaondoka, sikukanyaga tena Levolosi. Kila nilipopita mjini nilizunguka mtaa mwingine, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa aibu, na mwisho kwa mazoea tu. Miaka yote hii nimewafundisha watoto wa watu kwamba neno jukwaani ni ishara.

Basi Jumatano nilikwenda Olasiti. Turubai, viti vya plastiki, wanawake wanamenya ndizi nyuma ya nyumba, sufuria ya makande inachemka, na ndani, kwenye kona ya sebule, kile cherehani kibovu, bado kibovu, kimefunikwa kitambaa. Nilimpa pole mjane, kisha nikamtafuta Mama Kimaro. Alikuwa amekaa chini ya turubai na fimbo yake, amepungua mwili, miwani mipya lakini uzi ule ule.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani wewe?" Akanikazia macho. "Aa. Chuo. Umekuja."

Nikakaa karibu yake. Tukaongea habari za ugonjwa, za watoto, za soko ambalo sasa anauza binti yake. Nilikuwa natafuta namna ya kuingia, kisha nikaona umri huu hauna haja ya kuzunguka. Nikamwambia nimekuja nimechelewa, kwamba nilimtukana Fundi siku ile ya mchezo kwa ajili ya lile jani, na sikuwahi kurudi kumwomba radhi.

"Jani lile nilikata mimi," akasema.

"Wewe?"

"Nani mwingine? Mwarusha na isale wapi na wapi? Kwao si wanashika nyasi?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilikata asubuhi kwenye ua wetu, nikamtilia kwenye koti. Nikamwambia, usiponipigia magoti na hili, mimi nitafunga mdomo mpaka watu waende kwao. Hakutaka. Alisema Chuo atafeli. Nikamwambia bora afeli."

Kurasa kumi na mbili, jamani. Niliandika kwa mkono wangu, isale kwa Wachaga, nyasi kwa Waarusha, nikazipa na vichwa vidogo. Na nikamwona Mwarusha amepiga magoti na isale mkononi, nisijiulize lolote. Nikamwuliza kwa nini basi, kwa nini wote walishindwa kuyasema maneno mawili ya mchezoni.

"Hukujua?" Akashusha sauti. "Yalikuwa ya mama yake. Alimwambia hivyo siku aliyoacha ng'ombe wa baba yake na kuja mjini kushona. Miaka tisa hawajaonana. Aliniambia mimi tu, pale dukani. Ulipoyaleta yameandikwa tulidhani umeyasikia unataka kumdhalilisha. Halafu tukaona, hapana, huyu mtoto hajui. Mwenyewe akasema usiambiwe, utaumia." Akavuta kanga yake mabegani. "Nilikuwa nimwambie mara ya pili mimi? Mbele ya watu wote wale?"

Nilifikiria kiganja changu na wino wake, na jinsi nilivyomwambia ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na yeye akanijibu ni kweli.

"Jumatatu ile baada ya mchezo alifunga duka," Mama Kimaro akaendelea. "Akapanda kwao. Alikwenda na nyasi mkononi. Alilala nje siku mbili, ya tatu mama yake akafungua. Huyo mama akaja kuishi naye hapa hapa, kile chumba cha nyuma. Alipofariki, udongo wa kwanza aliutupa Loserian."

"Aliwahi kusema chochote juu yangu?"

"Alisema una mwandiko mzuri," akasema.

Huyo ndiye Fundi. Hata akiwa amekufa ananiudhi.

Wasifu niliuandikia sebuleni kwake, juu ya meza ya kukatia, usiku haujaingia. Ya mama yake niliyaacha, hayo si yangu na nilishayatumia mara moja. Niliandika alipozaliwa, ndoa yake, watoto wake, duka la Levolosi, kikundi. Kisha nikaandika hivi: "Marehemu alikuwa mwandishi wa michezo. Onyesho lake lililosifiwa zaidi alilibuni pamoja na Mama Kimaro. Sifa na alama alipewa mwandishi wa wasifu huu, ambaye alipoulizwa alisema ni lake. Halikuwa lake. Marehemu alijua na hakusema kitu." Nikampa Godlisten, aliyeteuliwa kusoma, na nikajua kabisa kitakachotokea. Yule hajawahi kusoma mstari wa mtu bila kuupanua.

Alhamisi watu walijaa hadi barabarani. Godlisten akasimama mbele ya jeneza, akafungua karatasi, na kama kawaida yake akaanza kuongeza. Alipozaliwa Fundi akaweka mvua. Ndoa yake akaiwekea wimbo. Nilikuwa nimekaa safu ya pili, mikono mapajani, nimefunga mdomo wangu. Alipofika kwenye kikundi chetu akasimama. Alikuwa ameona kinachofuata. Akainua macho akanitafuta, na nilijua anataka kunisitiri, nilimwona kabisa anatunga la kuweka badala yake, kitu kuhusu ushirikiano na upendo. Nilitamani aweke. Wanafunzi wangu waliokuja kunipa pole walikuwepo, mkuu wa shule alikuwepo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani mtu abadilishe maneno yangu.

Mama Kimaro aligonga fimbo chini.

"Godlisten," akasema, na watu wote wakamsikia. "Soma kama ilivyoandikwa."

Akasoma.